Sahani ya Mjomba

Jumanne, 8 Oktoba

Moshi tangu alfajiri. Panya wa mwisho wamekauka vizuri, wamebanwa kwenye vijiti juu ya jiko. Nimewageuza, nimewapaka maji ya chumvi, nimewageuza tena. Asiyejua ataona ni kazi ndogo. Ajaribu.

Huku kwetu tunawaita samaki nchanga, samaki wa mchangani. Mgeni akisikia jina anasogeza sahani. Akiambiwa ni nini anarudi nyuma. Wengine hurudi tena baadaye, kimya kimya, na sahani ileile. Hawa ni panya wa shambani, si wa darini. Wanakula mihogo yetu na karanga zetu mwaka mzima. Sioni kwa nini na sisi tusiwale.

Harusi ya Neema ni Jumapili ya tarehe ishirini na saba. Mtoto wangu pekee. Wanawake wa parokia wamekuja kunishauri kwamba mama wa bibi harusi hakai jikoni. Nimewaambia wanitafutie mtu mwingine, kutoka hapa Masasi hadi Nanganga kwa wakwe zetu, anayeweza kupika samaki nchanga kwa tui la korosho kama mimi. Wamekunywa chai yao wakaondoka.

Nimechoka. Nina raha.

Jumatano, 9 Oktoba

Festo amepiga simu kutoka Newala.

Festo ni mdogo wangu. Fundi bomba. Tulizaliwa wawili tu. Kwetu Wamakua mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Kwa hiyo Festo ndiye atakayemshika Neema mkono na kumkabidhi kwa mume. Na kwenye karamu Festo ndiye anayeonja kwanza. Mjomba asipoonja, hakuna anayetia mkono kwenye sahani, hata wazee. Ilikuwa hivyo kwa mama. Ilikuwa hivyo kwangu.

Sasa tangu mwaka jana Festo anasali na watu wachache wanaokutana kwenye baraza la duka kule Newala. Wakristo kama sisi, ila wameshika kitabu cha Walawi hawakiachii. Hawali nguruwe. Hawali sungura, kambare, pweza. Panya ndiyo usiseme, ametajwa kwa jina. Jumamosi hawafanyi kitu. Kwa ajili hiyo harusi tuliitoa Jumamosi tukaiweka Jumapili, na mimi sikunung'unika.

Leo anasema harusi ya Kikristo haiwezi kuwa na vyungu najisi. Niondoe nguruwe. Niondoe samaki nchanga. Vyote. La sivyo haji.

Jumamosi nimempa. Sufuria zangu simpi.

Nimekata simu. Halafu nikasikitika kwamba nimekata kabla sijamaliza kumwambia.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya ibada nimemsubiri padre nje. Nilitaka kusikia kutoka kwa mtu aliyevaa kanzu.

Amesema niliyoyajua. Petro alionyeshwa lile shuka kubwa lenye wanyama wa kila namna akaambiwa achinje ale. Bwana mwenyewe alisema kinachomtia mtu unajisi ni kinachotoka moyoni, si kinachoingia tumboni. Mitume walipokutana Yerusalemu walikataa kuwatwisha watu wa mataifa mzigo wa torati. Sisi ndio watu wa mataifa. Nimefurahi. Nimesimama wima kama nimeshinda kesi.

Halafu akaongeza kwamba Paulo aliwaonya pia wanaokula, wasimdharau asiyekula. Hilo sikumuuliza.

Tena padre mwenyewe anapenda samaki nchanga kupita kiasi. Nikimtaja kama shahidi Festo atacheka.

Jioni Baba Neema akasema, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba kama Festo hataki basi mdogo wake yeye anaweza kusimama. Nimemwambia mdogo wake ni mtu mwema sana na asimame huko huko kwao. Mwanangu hatakabidhiwa na mtu wa kuazima. Baba Neema amechukua redio yake akaenda kukaa nje. Mume mzuri. Anajua wakati wa kutoka.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimekwenda Newala. Sikumwambia kwamba naja.

Gari limepanda mlima na masikio yakaziba. Baridi. Watu na madumu kila mahali, foleni kwenye kioski cha maji. Festo anatengeneza mabomba mji mzima, na nyumbani kwake bomba ni kavu. Maji anayo kwenye pipa, ameyafunika kwa sinia na jiwe juu.

Amekonda kidogo. Anapendeza. Nyumba safi, shati limepigwa pasi. Nimeudhika kuona jinsi alivyo mzima. Nilitaka kumkuta ameharibikiwa.

Tumebishana kutoka asubuhi hadi adhuhuri. Nimempa Petro na shuka. Akasema lile shuka lilihusu watu, Kornelio na nyumba yake, Petro mwenyewe ndivyo alivyolieleza. Nimempa mitume wa Yerusalemu. Akanikumbusha kwamba hata wao walikataza damu na vilivyonyongwa, kwa hiyo si kweli kwamba tumbo halikutajwa. Nimemwambia Walawi hiyohiyo inakataza nguo ya nyuzi mbili, na shati lake la kazi ni pamba na nailoni. Akaliangalia shati. Nilijiona mkubwa sana.

Halafu akaacha shati, akanitazama. Alisema, "Dada, sidhani kama nitaokoka kwa kuacha panya. Nimeacha kwa sababu nampenda Mungu, na sikuona kitu kingine cha kumpa."

Ningeondoka hapo ningeondoka vizuri. Lakini nikauliza, na mama je? Mama aliyetulea kwa chakula hicho?

Akasema mama hakujua. Kilikuwa najisi, ila hakujua.

Nikasimama. Mke wake alikuwa ameniletea maji ya kunywa kwenye kikombe cha wageni. Sikuyanywa. Nimeyaacha mezani, mbele yake, Newala, ambako mtu anaamka alfajiri kutafuta dumu moja. Hakuna tusi kubwa kuliko hilo na nililijua nilipokuwa nalifanya.

Nimekaa garini na kiu hadi Masasi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Hasira haijaisha. Nimetwanga korosho kama natwanga mtu.

Festo alikuwa mtoto mchanga mwaka ule mihogo ilipooza ardhini. Baba alikuwa ameshafariki. Maziwa ya mama yalikauka. Mama alikwenda mashambani na jembe, akachimbua mashimo ya panya mpaka mikono ikatoka damu, akachemsha supu, akamnywesha Festo kwa kijiko. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeshika bakuli. Akanenepa. Watu walikuja kumtazama mtoto aliyenenepa mwaka wa njaa, na mama alimnyanyua juu wamwone. Hakumficha. Hakuficha na alichomlisha.

Angesema "mimi sili," ningemwelewa. Lakini kusema kilikuwa najisi ni kumnyooshea mama kidole akiwa kaburini. Na mdomo unaosema hivyo umejengwa na supu ileile.

Nimefikiria kusimama siku ya harusi nikaitoa habari hii mbele za watu. Yeye amekaa pale mbele, na mimi naisimulia. Nimeifikiria kwa raha sana nilipokuwa natwanga. Nadhani nitaifanya.

Jumanne, 22 Oktoba

Neema alitoroka jana kwenda Newala. Alisema anakwenda mjini kuchukua gauni. Gauni lenyewe liko kabatini.

Kalala kwa mjomba wake, leo karudi. Kanieleza akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mtoto wa shule. Alimpigia mjomba magoti. Hakubishana naye hata kidogo, alimwambia tu kwamba hana mjomba mwingine. Festo akalia. Neema anasema alilia kweli.

Kwa hiyo anakuja. Atamshika mkono, atamkabidhi, atakaa kiti cha mbele. Vyungu vyangu hatavitaja tena. Lakini hatakula.

Nimemuuliza Neema kama anaelewa maana yake. Mjomba asipoonja karamu haifunguki. Watu wote wale watakaa na sahani mapajani wakitazamana, na wakwe wa Nanganga watarudi kwao wakisema kwamba mjomba wa bibi harusi ameikataa ndoa. Mwanamke aliyeolewa hivyo hutajiwa jambo hilo kila anapogombana na mawifi.

"Ninaelewa, mama. Wewe je?" akasema.

Akaenda chumbani kwake. Nimekasirika. Pia nimejivunia. Amesafiri peke yake, amepiga magoti, amepata nusu ya alichotaka kwa watu wawili wagumu kuliko wote katika ukoo. Mimi singeweza.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mama Shakila amekuja kusaidia kumenya korosho. Jirani yangu tangu nilipoolewa. Mwislamu, wa swala tano kweli.

Kila nikiwa na karamu, yeye ndiye msimamizi wa sufuria safi. Ndiyo desturi ya huku. Mbuzi huchinjwa na Che Bakari, Myao, mtani wa ukoo wetu, ili kila mtu aweze kula. Nyama ile hupikwa kwenye sufuria ambazo hazijawahi kuona nguruwe wala panya. Zina miko yake, zina mafiga yake, na vishikio vyake vimefungwa kitambaa cheupe. Watu wanaziita sufuria za Waislamu. Nina kabati la peke yake kwa vyombo hivyo. Hata Baba Neema haruhusiwi kuchukua kijiko humo.

Nilikuwa nalalamika juu ya Festo. Nalalamika vizuri, kwa mpangilio. Mama Shakila akamenya, akamenya, halafu akasema, "Mama Neema, mimi samaki nchanga wako sijala hata siku moja. Mbona mimi hujanichukia?"

Nikasema wewe ni Mwislamu.

Akasema, "Haya," akaendelea kumenya.

Nimelifikiria siku nzima. Mama Shakila asipokula, naona ana adabu ya dini yake, nami najisifu kwamba nimemtunzia sufuria. Festo asipokula, naona amenitema usoni. Chakula ni kilekile. Sababu zao hazipishani sana. Tofauti ni kwamba Festo ni wangu, na aliye wangu nataka anipende kwa mdomo uliojaa.

Sijasema kwamba ana haki. Kuhusu torati amekosea, nitamwambia hivyo hata mbinguni. Na lile neno juu ya mama liko palepale.

Lakini hakuna aliyewahi kusema mjomba lazima aonje kutoka chungu gani.

Nimemwambia Mama Shakila siku ile sahani ya Festo itoke kwenye sufuria safi. Nitaipakua mwenyewe. Nimemkataza asimwambie mtu. Sitaki wanawake wa parokia waseme nimemwogopa mdogo wangu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Sina muda. Che Bakari amechinja. Wakati anachinja alikuwa ananitukana kwa utani, kwamba sisi Wamakua tumemaliza panya wa wilaya nzima sasa paka wanahama. Nikamwambia Wayao wanahama kabla ya paka. Huyu mtu anaweza kusema lolote na hakuna ruhusa ya kukasirika. Utani ni raha.

Mchele umechambuliwa. Mabibo ya juisi yamekamuliwa. Nguruwe yuko nyuma ya banda, mbali na upepo wa Waislamu. Samaki nchanga wamelala kwenye tui. Nimeonja.

Mama angejivunia.

Festo hafiki leo, ni Jumamosi. Kesho asubuhi.

Jumapili, 27 Oktoba

Niandike kabla sijasahau mpangilio, ingawa miguu imevimba.

Kanisani kila kitu sawa. Festo alikuja na suti ya kijivu. Aliniamkia, "Shikamoo dada." Nikaitika marahaba. Hatukuongeza. Padre alipouliza ni nani anayemtoa binti huyu, Festo alijibu kwa sauti iliyofika nyuma kabisa, akamshika Neema mkono, akauweka katika mkono wa Yohana, bwana harusi. Neema alikuwa mzuri mpaka nikashindwa kumtazama sawasawa.

Tukaja chini ya turubai. Mimi moja kwa moja jikoni. Nimepakua sahani ya Festo kwa mkono wangu kutoka sufuria safi. Wali, paja la mbuzi, kachumbari. Nimeifunika kwa bakuli, nimeifunga na kitambaa, nimeiweka kwenye kabati la vyombo safi isije ikaguswa. Nilikuwa nataka kuipeleka mwenyewe.

Hapo wakaja kuniita. Picha. Mama wa bibi harusi anatakiwa kwenye picha. Nikasema subirini, wakanivuta, mmoja ananifuta jasho, mwingine ananifunga kilemba. Nikiwa mlangoni nikamgeukia Anna, binti wa wifi yangu, aliyesimamia wagawaji. Nikamwambia mpelekeeni mjomba sahani yake.

Basi. Nilisema hivyo tu.

Anna hana kosa. Hapa kwetu mgawaji haulizi. Anaangalia jina. Shakila, sufuria yenye kitambaa. Festo, Mkristo, kwa hiyo sufuria ya Wakristo. Na kwa kuwa ni mjomba, anapewa kilicho bora. Alichagua panya wakubwa. Akawapanga vizuri, tui juu, akaweka kawa jipya. Mimi ndiye niliyemfundisha kupanga hivyo.

Nilikuwa nimesimama kati ya wakwe, mpiga picha anasema tabasamu, nikaona kawa linafunuliwa.

Mshereheshaji akatangaza kwenye kipaza sauti. Mjomba anaonja! Vigelegele vikaanza. Vikapungua. Vikaisha.

Festo hakusogea. Aliitazama sahani, halafu macho yake yakaanza kunitafuta. Yakanipata. Nilijua anachofikiri. Nilimkatalia maji yake, na sasa nimemwekea mtego mbele ya ukoo wote. Ningepiga kelele kwamba si mimi, lakini watu wote wale wangenisikia. Nikaona mama wa Yohana anamnong'oneza mumewe. Neema alikuwa anaangalia chini, amelikamata shada la maua kama mpini wa jembe.

Na ile habari ya supu, niliyokuwa nimeitayarisha, ilikuwa hapa kooni. Nafasi yenyewe ndiyo ile.

Niliimeza. Kwa sababu nilikuwa namtazama Festo. Mgongo umenyooka, viganja viwili juu ya magoti, kidevu juu kidogo. Watu wote wanamwangalia. Harufu ile inampanda puani, harufu iliyomlea. Angeweza kuchovya kidole tu, akapeleka karibu na mdomo, karamu ikafunguka na hakuna ambaye angejua. Angeweza pia kuisukuma sahani na kunitia aibu. Hakuchovya wala hakusukuma. Alikaa.

Vile ndivyo mama alivyokuwa akikaa walipokuja kumshauri aolewe tena. Vilevile. Hata viganja.

Kama angechovya ningemdharau maisha yangu yote. Sikulijua hilo mpaka pale. Nilimjivunia mpaka kifua kikauma, na yeye huku ananiona mimi ni nyoka.

Aliyetuokoa ni Che Bakari. Alikuwa kwenye mkeka wa Waislamu, sahani yake tayari iko mbele yake. Akainuka nayo, akaja katikati huku anapiga kelele.

"Jamani, huyu ntu wetu! Wamakua wezi nyie, mmemwiba lini?" Akasimama mbele ya Festo. "Mtani, mbuzi nimechinja mimi kwa mkono wangu, halafu wewe unakalishwa na panya? Hamia kwetu. Kwetu chakula kisafi, tena hatukulazimishi kuimba kwaya."

Watu wakapasuka kwa kicheko. Hakuna ruhusa ya kukasirika, ni mtani. Akanyanyua ile sahani ya samaki nchanga kwa ncha za vidole, amegeuza uso pembeni kama amebeba mtoto aliyejikojolea, akampelekea padre. "Baba, hii ya wenye dhambi." Padre akaipokea kwa mikono miwili. Haraka pia.

Halafu Che Bakari akaweka sahani yake mwenyewe mbele ya Festo.

Festo aliitazama. Akamtazama Neema. Akamega kipande cha mbuzi, akala, akainua mkono juu watu wauone.

Nafikiri vigelegele vile vilifika Lukuledi.

Mimi nilirudi jikoni. Nimelia nyuma ya mlango, kidogo, halafu nikaanza kupakua.

Jumatatu, 28 Oktoba

Festo alilala hapa, kwenye chumba cha Neema. Asubuhi kaja jikoni. Mimi na Mama Shakila tunasugua masufuria, majivu mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Akauliza moja kwa moja. Jana ulikuwa unanipima?

Jibu lilikuwa fupi sana na sikuweza kulitoa. Kujieleza kwa mdogo wangu, mbele ya masufuria yangu. Nikasugua kwa nguvu zaidi. Kiburi changu kina nguvu kuliko mikono yangu.

Mama Shakila akaacha kazi. Akaenda kwenye kabati la vyombo safi, akatoa sahani iliyofunikwa na bakuli, imefungwa kwa kitambaa. Akaifungua juu ya meza. Wali, paja la mbuzi, kachumbari iliyolainika.

"Yako hii," akamwambia. "Kapakua mwenyewe. Kanikataza nisiseme."

Festo alikunja mikono ya shati. Akavuta stuli akakaa, akanyoosha mkono kutaka kula. Nikampiga mkono kwa kitambaa cha kusugulia nikamwambia imechacha, atapata kipindupindu, je hilo nalo si limeandikwa Walawi? Akacheka. Cheko lake la zamani, lenye kukoroma mwishoni. Nilikuwa sijalisikia tangu mwaka jana.

Nimemfungia mbuzi aliyebaki, kutoka sufuria safi. Ameondoka na gari la mchana.

Neno lile juu ya mama hakulirudisha. Mimi sikumwomba. Sitamwomba. Ila lipo, kama mwiba wa kambare kooni.

Jumatano, 13 Novemba

Mvua ya kwanza jana. Udongo unanukia vizuri. Korosho za mwisho tumezianika upya.

Neema amepiga simu asubuhi kutoka Nanganga. Mama mkwe wake anataka nimfundishe tui la korosho. Nimesema nitafikiria. Nitakwenda.

Festo amepita mchana. Kuna tangi la mvua la parokia ameitwa kuliunga. Hakutoa taarifa. Amenikuta naandaa chakula, ugali wa muhogo na samaki nchanga, mabaki niliyokuwa nimeyakausha. Nilifikiria kufunika bakuli. Sikufunika. Ni nyumba yangu. Yeye nimempikia kisamvu na mayai kwenye sufuria yenye kitambaa, nimempa na maji ya kunywa kwanza, akanywa yote.

Tumekaa mezani watatu. Baba Neema akamwambia mjomba atuombee.

Festo akafumba macho. Akamwombea Neema na Yohana. Akaombea mvua. Halafu akamshukuru Mungu kwa chakula hiki chote kilichopo mezani. Akasema chote. Akamshukuru kwa mikono ya dada yake iliyokipika, na kwa mama yao, aliyewalea kwacho wakaishi.

Mimi nilikuwa nimefumbua macho kabla ya amina.

Bakuli langu la samaki nchanga lilikuwa mbali kidogo, upande wake wa meza. Akalishika kwa mikono yake miwili, akalisogeza mpaka mbele yangu. Akanawa tena, akavuta kisamvu chake. Tukala.